Cha Kupanda Katika Kitalu Nyumba cha Mayatima

Binamu yangu aishiye Uingereza, aliposikia kwamba tumejenga kitalu nyumba hapa Rusimbi, alinitumia kitabu kidogo chenye ratiba ya upandaji kuanzia Septemba hadi Februari. Ni kitabu kizuri, chenye picha za rangi, kinachoeleza namna ya kupanda letisi, spinachi na vitunguu vya majani wakati bustani za nje zimefunikwa na barafu. Nilikisoma chote, kisha nikamwambia shemeji yangu tukihifadhi kabatini, kwani nyumba inayozungumzwa humo siyo nyumba yetu. Wenzetu wa Ulaya huijenga ili kunasa joto kidogo la jua. Mwezi wa Desemba mchana wao hauzidi sana muda wa saa nane, na mmea usiositiriwa hufa kwa baridi. Sisi tuliopo nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta tuna mchana wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na baridi ya kuua mche hatuijui. Adui wetu ni mvua.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Oktoba, huendelea hadi mwanzoni mwa Mei, na katikati yake, Januari au Februari, huweza kupumua kidogo. Katika miezi hiyo nyanya iliyopandwa nje huwa na maisha mafupi. Majani yakishinda yameloa, bakajani chelewa huingia, na shamba lililokuwa kijani Jumatatu huwa limegeuka rangi ya chai kabla ya Ijumaa. Ndiyo maana katika Soko la Mwanga bei ya nyanya wakati wa masika hupanda hadi mama wa nyumbani ananunua tatu badala ya sado. Kiangazi kikifika, kuanzia Juni hadi Septemba, mambo hugeuka: bonde lote la mto Luiche hujaa bustani, matenga yanashuka kila alfajiri, na nyanya hukosa mnunuzi. Mwenye kuelewa jambo hilo moja ameshaelewa nusu ya somo la kitalu nyumba katika Kigoma. Nyumba hii si ya kulima mwaka mzima zao lile lile. Ni mwavuli, na mwavuli hufunguliwa mvua inaponyesha.

Sasa nieleze kwa nini jambo la kuchagua mbegu lilitunyima usingizi. Kitalu hiki si changu. Ni mali ya mayatima.

Marehemu ndugu yangu alifariki mwaka 2023, akaacha mjane, watoto watatu, na mama yetu ambaye bado yu hai. Mali yake kubwa ilikuwa chombo cha uvuvi, mashine yake na nyavu za dagaa. Aliniusia kabla ya kufa kwamba niwe wasii wa watoto wake, na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Mgawanyo wenyewe haukuwa na utata: mjane thumni, mama sudusi, na kilichobaki, sehemu kumi na saba katika ishirini na nne, ni cha watoto, wavulana wawili na msichana mmoja, mvulana akipata mara mbili ya msichana. Mimi ndugu sikuwa na fungu, kwa kuwa watoto wa kiume wa marehemu wapo. Warithi walikubaliana chombo kisiuzwe, bali kikodishwe kwa wavuvi, na kila mwezi wa giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, wapate chochote.

Ikaja Mei 15, 2024. Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Sina neno juu ya uamuzi huo. Kila mzee wa pwani ya ziwa hili anajua jinsi dagaa na mgebuka walivyopungua. Lakini kwa muda wa miezi mitatu chombo kililala mchangani kikipasuka kwa jua, na watoto walihitaji sare, daftari na chakula. Hapo ndipo shemeji aliponiambia maneno ambayo sijayasahau: kwamba mali yenye mlango mmoja, mlango huo ukifungwa, hugeuka kuwa kaburi. Tulingoja ziwa lifunguliwe, maana siku hizo ndipo vyombo hupata bei, tukauza mashine na chombo. Nyavu tumebaki nazo nusu.

Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba aliwahimiza walezi wazifanyie biashara mali za mayatima, zisikae zikaliwa na zaka. Na aya za mwanzo za Suratun Nisaa zinajulikana kwa ukali wake juu ya mwenye kuchezea mali hizo. Kati ya mahimizo hayo mawili ndipo wasii anaposimama. Kuziacha zilale ni hasara. Kuzitosa katika jambo zima zima lisilojulikana ni hasara kubwa zaidi. Mtu mmoja alitujia na orodha ya kitalu cha vyuma kilicho tayari, pamoja na mkopo wenye riba wa kukilipia. Tulimshukuru kwa chai, tukajenga cha miti.

Nguzo zetu ni za mti uliotiwa dawa ya mchwa. Upana wa nyumba ni mita 8 na urefu mita 15. Paa limefunikwa nailoni maalumu ya mikroni 200 isiyoharibiwa na jua upesi, ambayo ikitunzwa hudumu miaka mitatu au zaidi. Pande zote nne ni wavu, siyo nailoni, na juu ya paa tumeacha tundu refu la kupumulia. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu nimeona vitalu vilivyofungwa pande zote kama jeneza. Katika joto la Kigoma, ndani ya nyumba isiyo na hewa, kipima joto hupita nyuzi 35 kabla ya adhuhuri, na maua ya nyanya huanguka bila kushika tunda. Mkulima wa namna hiyo hulaumu mbegu, kumbe amezipika.

Mfereji wa kukinga maji ulikuwa wazo la mama yangu, naye ana miaka zaidi ya sabini. Paa la mita za mraba 120 likinyeshewa mvua ya milimita 10 tu hutoa kiasi cha lita 1,200. Tangi letu la lita 1,000 hufurika kwa mvua moja nzuri, na jirani zetu huja na ndoo.

Tukakaa kikao cha familia, siku ya Ijumaa baada ya swala, kuamua cha kupanda. Mtoto mkubwa wa marehemu, kijana wa kidato cha pili, alitaka matuta yote matano yawe ya nyanya. Hesabu yake aliiandika vizuri: tuta la mita 14 lenye mistari miwili, mche hadi mche nusu mita, ni miche 56; matuta matano ni 280. Shemeji alitaka mchicha na chainizi, kwa sababu mchicha hung'olewa baada ya wiki tatu au nne na yeye ndiye ajuaye siku ambazo sukari imekwisha. Mama alisema lengalenga hata chini ya mwembe huota, ya nini kuijengea nyumba? Jirani mmoja, mfanyabiashara avukaye ziwa kwenda Kalemie, alipendekeza hoho za rangi nyekundu na manjano.

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Nyanya ndiyo yenye bei wakati wa mvua, lakini ugonjwa mmoja waweza kuifuta yote. Mboga za majani zina faida ndogo, ila hazichelewi wala hazisaliti. Hoho ya rangi hupendeza, lakini hukaa mtini muda mrefu zaidi ili ibadilike, na wanunuzi wake ni hoteli, ambazo hapa kwetu si nyingi. Hoho ya kijani kila jiko linaijua. Basi tukaamua: matuta mawili nyanya, moja hoho ya kijani, moja matango, na la mwisho chainizi na mchicha, pamoja na kona ya giligilani na nanaa aliyoiomba binti mdogo. Kijana alinuna kwa siku mbili. Nilimweleza kwamba kama fedha ingekuwa yangu peke yangu huenda ningemfuata, lakini robo ya nyumba hii, au zaidi kidogo, ni ya mdogo wake wa miaka minane ambaye hawezi kunipa ruhusa ya kubahatisha.

Kuhusu matango, liko jambo ambalo wauza mbegu wengi hawalisemi. Wavu unaomzuia mdudu mharibifu humzuia na nyuki. Nyanya haijali sana, kwani ua lake hujichavusha lenyewe, na ukiitikisa kamba yake asubuhi kazi imekwisha. Lakini tango la kawaida, tikiti na boga huhitaji nyuki. Ukivipanda ndani ya wavu itakubidi uwe nyuki wewe, ukichukua ua dume na kuligusisha ua jike moja moja. Kwa hiyo tulinunua mbegu ya tango lile linalozaa bila kuchavushwa. Ni ghali, tena sana, lakini tuta moja lilitosha pakiti moja.

Wakati wa kupanda nao una hesabu yake. Nyanya hukaa trei kwa muda wa wiki nne, na baada ya kuhamishwa huchukua siku 70 hadi 90 kabla ya tunda la kwanza kuiva. Ukitaka kuuza Januari hadi Aprili, sia mbegu mwanzoni mwa Septemba, uhamishe mwanzoni mwa Oktoba, ili mvua kubwa inapofika mimea iwe imeshapanda kamba kimo cha mtoto. Hoho hutaka wiki sita katika trei, hivyo yenyewe tuliitanguliza mwishoni mwa Agosti, barazani kwa mama, chini ya kipande cha wavu. Tulichagua nyanya ndefu, ile isiyokoma kurefuka, kwa kuwa ndani ya nyumba nafasi ya thamani ni ile ya kwenda juu. Kila wiki machipukizi ya pembeni huondolewa na majani ya chini yaliyozeeka hukatwa. Kazi hiyo imekuwa ya watoto, Jumamosi asubuhi, na vidole vyao hugeuka kijani kibichi hadi mwalimu wao wa madrasa akauliza kuna nini.

Mapema Novemba dhoruba ya ziwani ilituondolea kipande cha nailoni upande wa magharibi. Tulikishona na kukikaza upya. Mwezi huo huo tulianza kuona vijia vyeupe katika majani ya nyanya, alama ya kantangaze, yule nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini ambaye alithibitika kuingia nchini mwetu mwaka 2014. Alipitia tundu la mlango. Tukaongeza mlango wa pili, ili mtu afunge wa kwanza ndipo afungue wa ndani, na tukatega karai la maji lenye sabuni chini ya chambo cha harufu kinachowavuta madume. Dawa ya sumu tulipiga mara moja tu. Na hapa natia neno kwa wakulima wenzangu: kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kuvuna, zimeandikwa katika chupa. Kuvuna kabla ya siku hizo na kumuuzia Muislamu mwenzio au jirani yeyote ni ghushi iliyo mbaya kuliko kuficha nyanya zilizooza chini ya tenga, kwa sababu iliyooza mnunuzi ataiona akifika nyumbani.

Jaribio lenyewe lilikuja Januari. Mti mmoja wa nyanya, katikati ya tuta la pili, ulinyauka mchana ukiwa bado kijani, ukaamka jioni, ukanyauka tena kesho yake. Wa pembeni ukafuata. Kijana aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu siku ya maziko ya baba yake. Tulikata kipande cha shina karibu na udongo, tukakining'iniza katika glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kunyunyiza. Huishi katika udongo miaka kadhaa, husafiri kwa maji, kwa jembe, hata kwa kiatu, na hula nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo, kwani zote ni ukoo mmoja.

Tuling'oa ile miwili pamoja na miwili ya jirani yake iliyoonekana mizima, tukaitoa pamoja na udongo wake katika mfuko, tukachoma miti yote. Mpira wa maji wa sehemu ile tuliufunga. Kisu kilipitishwa motoni kabla ya kugusa mti mwingine, na mtu akiingia tuta la pili hakuruhusiwa kurudi la kwanza siku ile. Wiki tatu tulihesabu miti kila alasiri. Uliopotea baadaye ni mti mmoja. Kati ya miti 112 tulibaki na 107, na hapo kijana mwenyewe, bila kuulizwa, akasema kama matuta yote matano yangekuwa nyanya, maji yale yangepita kote.

Ramadhani ya mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, katikati ya mvua. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu kinachotokea sokoni mwezi ule: kachumbari, supu, sambusa, kila kitu kinataka nyanya, hoho, giligilani. Tulivuna kila siku ya pili. Shemeji hakupeleka tenga sokoni hata moja. Wanunuzi walikuja mlangoni kutoka Gungu, Majengo na Kasimbu. Bei tulikubaliana tangu siku ya kwanza ya mfungo kwamba haitapanda kwa sababu ya mfungo. Mama alishikilia hilo, naye ana sudusi yake, hakuna aliyembishia. Kona ya binti mdogo, ya giligilani na nanaa, iliuzwa fungu kwa fungu na kwa eneo lake ilileta fedha kuliko tuta la matango. Watu wanapuuza majani ya kunukia, nami naona wanakosea.

Mvua zilipokatika mwezi wa Mei, nyanya zilikuwa bado zinazaa kidogo kidogo. Kijana alitaka ziachwe. Lakini nyanya za bondeni zilikuwa zinaanza kushuka, na kila siku ambayo mti mgonjwa au mzee unabaki ardhini ni siku ya kuwalisha wadudu wa msimu ujao. Ziling'olewa zote. Tuta la pili sasa lina chainizi, nalo halitaona nyanya, hoho wala bilinganya kwa muda mrefu. Ya zamu ijayo itakuwa tango, kisha vitunguu. Matuta mengine yana mchicha, na nusu ya nyumba imekuwa chekechea ya miche: nyanya na kabichi kwa wakulima wa Luiche ambao hawapendi kusumbuka na trei. Biashara hii ya miche nimeipenda. Ni kazi ya wiki nne, hatari yake ni ndogo, na mnunuzi huja mwenyewe akiwa na boksi lake.

Mwezi wa Agosti, jua likiwa kali kabisa, tutaondoa kila kitu, tutalowesha udongo na kuufunika kwa nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, tuache jua liupike kwa wiki tano au sita. Hilo halimalizi mnyauko, ila hupunguza maradhi mengi ya udongo pamoja na magugu. Kwa nyumba ya mayatima naona ni bora kulala bila mapato wiki tano kuliko kuingia Oktoba na udongo mgonjwa. Shemeji hakupenda. Tumekubaliana kwamba fedha za miche ndizo zitakazotumika jikoni muda huo, na zimetengwa tayari.

Nimeulizwa na wawili watatu msikitini kuhusu zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii mboga na matunda ya namna hii hayana zaka ya mazao, ambayo ni ya nafaka na vyakula vya kuwekwa akiba; Imam Abu Hanifa (r.a.) aliona vinginevyo. Lakini fedha iliyopatikana, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, ina zaka yake hata kama ni ya mtoto mdogo, na wasii ndiye wa kuitoa. Kwa hiyo daftari lina safu ya kila mtoto peke yake, na kwa mwaka huu hakuna fungu lililofika.

Daftari hilo hulifunga kila mwisho wa mwezi wa Kiislamu mbele ya mama na shemeji, nao hutia saini. Kijana ameanza kuliandika yeye kwa mwandiko wake, mimi nikikagua. Amebaleghe, na akiendelea hivi siku ya kumkabidhi fungu lake mbele ya mashahidi haiko mbali. Safari hii ameandika pembeni mpango wa Septemba: tuta la kwanza hoho, la tatu na la nne nyanya, miche 112 kama mwanzo. Tuta la tano lote amelipa jina la mdogo wake wa kike, giligilani na nanaa, na chini yake ameweka alama ya kuuliza, akingoja nimjibu.